Maombi ya Mjane wa Malambo

Jumanne, 17 Aprili 1979
Nimefunga vyombo kwenye gunia moja. Sufuria mbili, pasi ya mkaa, koti la Yakobo. Mvua mchana kutwa. Mchungaji ameandika kutoka Karatu: nyumba hii ya mwinjilisti inahitajika, gari litanifuata mto ukipungua. Vizuri. Yakobo mume wangu alikufa Februari, nakaa hapa kufanya nini?

Asubuhi nimewafundisha kina mama kusoma. Baada ya somo wakaniomba nifunge kwa sala. Nimefunga. Midomo tu. Siombi tena, na hakuna anayejua.

Jumatano, 18 Aprili
Naserian amekuja na mvua, Nasieku mgongoni. Binti yake, miaka minne. Ametembea tangu alfajiri kutoka boma lao upande wa Piyaya. Mtoto anawaka moto, shingo imelegea. Nimekimbilia zahanati. Dawa zimekwisha, mganga amezifuata Loliondo, hajarudi. Magari mengi yamepelekwa vitani Uganda. Machache yaliyobaki hayavuki mto.

Naserian amemlaza kitandani kwangu, upande wa Yakobo. "Yeyo," ameniambia, kama Wamasai wanavyomwita mama, "mwombee." Nikasema maneno. Kama kutafuna makapi.

Alhamisi, 19 Aprili
Hanywi. Maji yanarudi pembeni mwa mdomo. Degedege mara mbili.

Homa hii naijua. Ndiyo ile ile. Siku kumi na moja tuliomba kwa ajili ya Yakobo. Wazee wakafunga, nami nikafunga, nikaamini kabisa kabisa. Siku ya kumi na mbili tukamzika.

Naserian anaomba kwa Kimasai, hachoki. Nimemwonea wivu. Kisha nimemkasirikia. Nikatoka nje kupasua kuni ambazo sikuzihitaji.

Ijumaa, 20 Aprili
Asubuhi miguu ya Nasieku ilikuwa ya baridi. Nikaanza kuisugua. Naserian akanitazama.

"Yeyo, juzi uliomba kwa midomo."

Niliendelea kusugua.

"Nilijua kabla sijaja. Wanawake wanasema mjane wa mwinjilisti ameacha kuomba. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Sikumwelewa.

"Mimi naogopa peke yangu," akasema. "Na wewe unaogopa peke yako. Tuogope pamoja mbele za Mungu."

Nililia mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwambia Mungu kwa Kiiraqw, lugha ya mama yangu, ambayo sijawahi kuitumia kuomba kanisani. Nikamwambia nimemkasirikia. Kwamba amenionea. Kwamba siamini kama atafanya lolote. Halafu nikasema: lakini huyu mtoto, tafadhali. Mponye huyu. Imani yangu iliishia hapo. Mkono wangu ulikuwa juu ya kifua cha mtoto, na wa Naserian juu ya wangu.

Saa nane mchana akaanza kutoka jasho. Shuka ikalowa. Nikadhani ndiyo kufa kwenyewe. Saa kumi akafumbua macho, akasema jambo kwa Kimasai, taratibu. Naserian akacheka kwa sauti, akapiga magoti.

Mtoto alikuwa anauliza kwa nini yule mama analia.

Jumamosi, 21 Aprili
Amekunywa maziwa. Kikombe kizima. Amelala, ameamka, amekunywa tena.

Jumapili, 22 Aprili
Mganga amefika kwa miguu, matope hadi magotini. Amempima Nasieku, amempa dawa. Hatari imepita, amesema. Wengine homa huwaachia yenyewe. Huenda. Sikubishana naye. Mimi nilikuwepo, najua nilichoomba na nilichopewa.

Lakini mbona si Yakobo? Ibada nzima nimeuliza hilo moja. Sikujibiwa. Imeniuma. Ila tofauti ipo: tangu Februari nilikuwa naiuliza dari, leo nimemuuliza Mungu mwenyewe.

Jumatano, 25 Aprili
Wameondoka jana. Nasieku alitaka kutembea mwenyewe. Hatua kama ishirini, kisha akanyoosha mikono abebwe.

Nimemwandikia mchungaji nikimwomba nibaki hapa mpaka kina mama wamalize kitabu chao. Akikataa nitakwenda. Sina hofu kubwa.

Mvua imekatika. Nimekaa mlangoni na chai, nikamsimulia Mungu habari za Yakobo. Alivyokuwa akianzisha wimbo juu mno, waimbaji wakashindwa. Alivyokuwa hajui kukamua ng'ombe, wanawake wa Kimasai wakamcheka, naye akacheka kuliko wao. Sikuomba kitu. Nilisimulia tu, kama unavyomsimulia mtu ambaye naye alimpenda marehemu.

Tumekaa hivyo mpaka chai ikapoa.