Betri Ambazo Hazijaguswa

Jumatatu, tarehe 3
Nimefuta vumbi redio zote mbili za mkononi, zile za kuitana akiwa ziwani, ya mume wangu na yangu. Siku za mbalamwezi zimekwisha, kesho mitumbwi inarudi kuvua dagaa. Nilitaka kuchaji betri upya. Baba Zena akakataa. Eti tulizijaza kabla ya mapumziko, hazijaguswa, kwa hiyo zimejaa. Nimezirudisha redioni hivyo hivyo. Kubishana na mume huyu ni kujichosha bure.

Jumatano, tarehe 5
Saa tatu asubuhi. Kijiji kizima cha Katonga wanaanika dagaa. Baba Zena hajarudi. Upepo mkali. Simu yake haipatikani. Nimewasha redio yangu: ikalia mara mbili, ikazima. Ya kwake bila shaka hivyo hivyo. Nimeitupa kitandani kwa hasira. Na kwa hofu.

Saa tisa alasiri. Wamefika. Injini iligoma, wamepiga kasia tangu alfajiri. Wote wanne wa mtumbwi wake wazima. Sikumpa hata pole. Nilimwuliza habari ya betri. Akanijibu:

"Mama Zena, si zilikuwa zimejaa?"

Nimeingia ndani nikalia.

Alhamisi, tarehe 6
Nimekwenda madukani Gungu, kwa bodaboda. Maduka mawili ya kwanza, upuuzi mtupu. Nauliza: zikikaa wiki bila kutumika, chaji inabaki? Najibiwa, "Dada, hizi orijino." Pakiti imeandikwa namba kubwa ya uwezo wa chaji, betri zenyewe nyepesi kama maganda. Duka la tatu, mzee mmoja akanielewa. Kumbe betri nyingi za kuchaji hupoteza chaji zenyewe, hata kabatini. Akanipa zinazotunza chaji. Namba ndogo, lakini nzito mkononi.

Baba Zena kacheka. Eti nimerogwa na muuza duka, nimeacha kubwa nikachukua ndogo. Hajui nilikuwa nimechukua na hizo za namba kubwa, kusudi nimwonyeshe. Nimechaji aina zote mbili, nimezifungia kabatini zikae wiki nzima. Za zamani nitazichaji mwenyewe kila siku. Asiziguse.

Ijumaa, tarehe 14
Nimemkalisha mbele ya redio. Zenye namba kubwa: hata chai yake haikupoa, zikazima. Za mzee: tangu asubuhi mpaka adhuhuri zinadunda tu. Akainuka, akaenda kushona nyavu. Nilitaka akiri nilikuwa sahihi. Nimeudhika mpaka nikasahau chumvi kwenye dagaa wake.

Jioni kaziweka za mzee kwenye redio yake, mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 15
Alfajiri, redio ikaita. "Mama Zena, unanisikia? Tunarudi."

Nilimsikia vizuri. Nikamwacha aite tena.