Malengo ya Shahada na Miti ya Mbinzo

Jumatatu, 11 Agosti
Malengo ya shahada tena. Asubuhi nzima, sentensi moja. Mhitimu wa usimamizi wa maliasili aweze kupima msitu, kuchora ramani, kukaa na wenyeji wa msitu na kupatana nao. Mkuu wa kitivo anataka nifute hilo la mwisho. Eti halina mtihani. Mtu huyu anapenda jedwali kuliko chakula. Nimemkatalia kwa adabu. Adabu yenyewe ilikuwa kidogo.

Jumatano, 13 Agosti
Niko Masako, msituni, na wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho. Aziza anapima miti kwa kazi yake ya kumalizia shahada. Kila mti aliokwisha kuupima anaufunga utepe mwekundu, aujue akirudi kwa kipimo cha pili. Haraka, safi, bila kelele. Binti wa fundi cherehani wa mjini, hakuwahi kulala msituni kabla ya chuo, sasa anatuacha sote nyuma kwenye matope. Baba yake ameshaanza kumshonea nguo ya mahafali. Nampenda mwanafunzi huyu, basi.

Ijumaa, 15 Agosti
Balaa. Hapa familia ikiona mayai ya mbinzo, wale viwavi tunaowala, hufunga kamba ya mwituni kwenye shina. Maana yake mti una mwenyewe. Sisi tumefunga tepe juu ya kamba hizo. Kwao huo ni unyang'anyi. Wanakijiji wametuzuia njiani, mama Véro mbele. Mjane. Miti mingi ni yake.

"Hii miti iko ya batoto yangu. Batakula nini?"

Wanafunzi wengine wakaanza kumweleza sayansi. Niliona aibu. Aziza hakueleza kitu.

"Tulikosea, mama. Mi mwenyewe nitafungua tepe zote."

Akafungua, mti kwa mti, mama Véro akimfuata nyuma. Bila utepe Aziza hataitambua tena miti aliyoipima. Bila kipimo cha pili hakuna shahada mwaka huu. Alijua. Maji yakimwagika hayazoleki. Mikono yake ilitulia.

Jioni mama Véro alituletea pondu, mboga ya majani ya muhogo. Bakuli la kwanza alimpa Aziza.

Jumanne, 19 Agosti
Kikao cha kitivo. Nilisimulia yote. Nikawaambia mtihani mliosema haupo, huu hapa, na mtu ameufaulu mbele ya macho yangu. Mkuu akasema lengo libaki. Nilifurahi kama mtoto.

Halafu wakafika kwenye jina la Aziza. Hana vipimo, asubiri mwakani. Nilipiga meza. Haikusaidia. Nilimpa habari mwenyewe, koridoni, nikiwa na hasira ya watu wawili. Akasema ni haki. Kama kazi haijaisha, haijaisha. Alilia kidogo, akaniuliza kama basi la kitivo linakwenda Masako wiki ijayo.

Jumamosi, 25 Oktoba
Mahafali. Majina yakasomwa, lake halikuwemo. Alikaa kando yangu akiwapigia makofi wenzake, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Moyo huo sijui aliupata wapi. Sisi hatukumfundisha.

Mchana akapanda pikipiki kwenda Masako. Msimu wa mbinzo umekwisha, anaanza upya. Safari hii mama Véro ndiye atakayemchagulia miti.