Kwa Baba Mrina Asali, Uliyeitwa Mwizi Ukirudi Kwenu

Umetimia mwaka sasa, Baba, tangu ulipotuacha. Machozi yamepungua lakini hasira bado mbichi.

Ulikuwa mrina asali na fundi wa mizinga. Serikali ilipotutoa sisi watu wa msituni na kuuzungushia msitu uzio, ulihamia kibanda cha nyuma ya duka la mbao, ukawa unachonga mizinga ya watu wengine. Wajukuu walikuita Babu Nta, maana mikono yako ilinukia nta hata siku ya harusi. Mama ulimwita Malkia, ukisema ndani ya mzinga anaamua mmoja tu.

Presha ulikuwa nayo miaka mingi. Kila ulipofika dirishani pale zahanati, dawa zilikuwa zimekwisha. Aliyekuwa nyuma yako, asiye wa kwetu, alitoka na pakiti mkononi. Wewe ulisema mvumilivu hula mbivu. Mbivu zipi, Baba? Wenzako walikuwa wameshazila.

Ulipoanza kupotea njia ya kwenda kazini, na kuishika patasi bila kujua ni ya nini, tulikupeleka kwa daktari. Hakukupima. Alisema watu wa msituni wamezoea kuzurura, ndiyo asili yenu. Mama, ambaye hajawahi kubishana na daktari, alimwambia: "Mume wangu alikuwa anaujua kila mti. Leo hajui choo cha nyumbani kwake kiko wapi. Hiyo nayo ni asili yetu?" Tukapewa vidonge vya maumivu, tukarudi.

Asubuhi moja ukabeba ndoo, ukaenda kurina kwenye mizinga ya baba yako, ambayo haipo tena. Askari wa msitu walikukamata ndani ya uzio wakakuita mwizi. Tuliwaambia huyu ni mgonjwa wa kusahau. Walicheka, wakasema nyie mkikamatwa wote huwa wagonjwa. Walikufungia siku mbili bila dawa. Ulitoka umepooza upande mmoja, husemi. Hukumaliza mwezi.

Watu wanatuambia ni mapenzi ya Mungu, tumwachie yeye. Roho yako tumemwachia. Hayo mengine yalifanywa na watu wanaolipwa mshahara, na bado wako kazini.

Unakumbukwa na mkeo Malkia, wanao watatu, dada yako mfinyanzi, mkweo mwenye duka la mbao, na wajukuu wote.

Majina yetu uliyasahau kwa ugonjwa, na hatukuwahi kukulaumu. Wao walikusahau wakiwa na akili timamu. Hatutakusahau kamwe, Baba, na wao pia hatutawasahau.