Panadoli ya Mwajuma

Jumanne, Bigwa

Bado namwona Mwajuma alivyoing'ata khanga.

Jana alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Anatumia methadoni, dawa ya kuachia unga, mwaka wa pili sasa hajagusa heroini. Wenzake wodini wamechomwa sindano ya maumivu. Yeye kapewa panadoli.

Nilimfuata sista mkuu, maana ufunguo wa kabati la dawa anao yeye. "Shikamoo sista. Yule mama anaumia kweli."

Hakuinua hata kichwa. "Si ameshakunywa methadoni yake leo? Inamtosha. Teja hashibi dawa."

Methadoni inamkinga na arosto ya kukosa unga tu, maumivu ya kisu haiyatoi. Najua hivyo vizuri, ila nikajibu, "Sawa sista." Sawa! Miaka sita kazini na bado...

Niliporudi, Mwajuma alikuwa ameacha kuomba. "Basi, nesi. Nikizidi kulia watasema nimerudia unga, wataninyang'anya mwanangu."

Nikamsogezea mtoto anyonye.

Zamu ilipoisha nikajaza faili lake. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: mgonjwa ametulia, halalamiki maumivu.