Hita Isiyo na Bomba

Kwa dada yangu Jepkoech,

Bwana asifiwe. Huku Manassas, Marekani, hatujambo, ni baridi tu inayotusumbua. Ndugu Kibet, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, ameweka hita ya gesi ya mtungi besimenti, kile chumba cha chini ninacholala. Haina bomba la kutolea moshi. Nilimuuliza hewa chafu inapitia wapi kutoka nje, akacheka, "Dada, hii si jiko la makaa la nyumbani."

Jumamosi tulifanya maombi humo. Mama Nahimana, mzee wetu kutoka Burundi, aliinama akalala, nami kichwa kikazunguka. Kibet akasema Roho ameshuka kwa uzito. Tukaitikia amina. Yangu ilikuwa nusu, maana nilipofungua dirisha kidogo, huyo Roho aliondoka.

Tangu siku hiyo nalala sebuleni, nasingizia mgongo. Lakini Mama Nahimana atarudi, na yeye hupenda kuketi karibu na moto.

Kwa hiyo Jumamosi hii nitaizima hita hiyo mbele ya wote. Najua Kibet ataniita mpinga Roho. Ukisikia nimetolewa kwenye kikundi, usihuzunike. Afadhali usikie hilo kuliko msiba.

Dada yako katika Kristo,
Chelagat