Nywele Nyeupe Shambani Kwangu

Shangazi Asteria, shikamoo. Nakuandikia maana niliyoyaona shambani kwangu hapa Didia sijawahi kuyaona tangu niolewe, na usiponisaidia sijui nitashika lipi. Mume wangu Marcel yuko Rwamgasa machimboni, mimi ndiye ninayelima na kutunza zizi, na shamba letu watu walikuwa wanalisifia, lakini misimu hii miwili mahindi yanadumaa na kuwa ya njano, mvua ikinyesha maji yanakimbia juu badala ya kuzama, samadi niliyoweka mwaka jana naikuta bado mabonge, na nyungunyungu hawaonekani kabisa. Wiki iliyopita nikiwa napalilia nikapasua bonge la udongo, ndani nikakuta nywele, Shangazi, nyeupe, nyembamba, zimejisokota, nikachimba pengine nikakuta nyingine, nikapiga yowe majirani wakajaa.

Wote wakageuka kumtazama mayu Lusia, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama mtu mzima, mjane tunayepakana naye shamba, na kichwa chake ni cheupe chote. Mimi sikumtaja, ila nilipoulizwa nilinyamaza. Tangu siku hiyo hakuna anayemsalimia wala kumpa kaa la moto, na mwisho wa mwezi inakaa dagashida, mkutano wetu wa kijiji wa kuhukumu, waamue kama afukuzwe, na mimi ndiye nitakayesimama na nywele hizo mkononi. Kinachoniumiza ni kwamba yeye ndiye aliyenizalisha mwanangu Eliya. Juzi kisimani aliniuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" nikabeba ndoo yangu nikaondoka.

Na usiniambie ni uvivu, maana zizi nalijali, kila masika natandika magunia chakavu ya salfeti anayoleta Marcel, yale waliyobebea mawe ya dhahabu, ng'ombe wasizame kwenye matope, na samadi yote inakwenda shambani. Je, nimwogope huyu mama au nimlilie?

Mama Eliya, Didia.

*

Marahaba, Mama Eliya. Nimesoma barua yako chai ikapoa mbele yangu. Nimeshtuka, tena sana, na si kwa habari ya uchawi.

Salfeti ni plastiki, mama! Umewatandikia ng'ombe plastiki, kwato zikaichanachana ikawa nyuzi, nyuzi zikachanganyika na kinyesi, nawe ukazibeba kwa mikono yako mpaka shambani. Hizo ndizo nywele zako. Huamini? Nenda nje, washa kiberiti, choma uzi mmoja na unywele uliokwama kwenye kitana chako. Unywele utakuwa majivu, uzi utayeyuka na kuganda kama tone. Usivute huo moshi.

Udongo una vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyoozesha samadi na kuifanya chakula cha mahindi. Nyuzi za plastiki zikizidi, hewa na maji havipiti kama zamani, vijidudu hivyo vinadhoofika, na mbolea inakaa pale pale bila kuufikia mzizi. Wataalamu bado wanalichunguza jambo hili, na siwezi kuapa kwamba njano yote imetoka huko. Kwa hiyo mwite bwana shamba, apime udongo. Mwambie pia magunia yametoka machimboni, maana huenda yamekuja na zebaki, ile sumu wanayokamatia dhahabu.

Magunia yatoe zizini leo, na usiyachome. Tandika mabua. Samadi yenye nyuzi isiguse shamba tena. Okota vipande unavyoviona, vile vidogo hutavimaliza, ndiyo hali halisi. Panda kunde au choroko, weka samadi safi iliyooza, na uwe na subira. Marcel naye mwambie aache kukuletea takataka za watu kama zawadi.

Sasa nikugombeze. Unasema hukumtaja. Mama, ulipoulizwa ukanyamaza, ulikuwa umemtaja! Mwanamke aliyekupokelea mtoto anakaa na jiko la baridi, na wewe unaniuliza umwogope au umlilie. Mwombe radhi. Nenda kwake leo, mchana, watu wakuone, na umpelekee moto. Kisha nenda dagashida na kiberiti chako, uchome uzi mbele yao wote, useme kwa sauti kwamba uzi huo umetoka zizini kwako. Watakucheka. Wacha wacheke.

Shamba linaweza kungoja misimu kadhaa. Mjane wa umri ule, akishafukuzwa, ataanzia wapi?