Maporomoko Niliyoyasifia Machi

Mjukuu wangu Tuli,

Hapa Chapwa wote wazima, isipokuwa goti la bibi yako. Mimi bado mtanashati kuliko vijana wa mtaa huu.

Umeuliza kama miezi miwili inatosha kumjua mchumba. Umeuliza mtu sahihi. Nimefika Lubumbashi kwa lori mimi.

Machi moja nilimpeleka bibi yako kwenye maporomoko ya kule Mbozi, hatua chache tu kutoka barabarani. Maji yalinguruma, mekundu kwa tope. Nikamtambia shangazi yake, ambaye ndiye angeamua kama nimuoe: "Shangazi, ukiyaona utatetemeka." Akasema atakuja kahawa ikishavunwa. Nikasahau kwamba wakati huo mvua huwa imekwisha zamani.

Oktoba tukafika. Maji yalikuwa kama mkojo wa mbuzi.

"Ndiyo haya ya kunitetemesha?" akauliza.

Nikachota kikombe cha maji, sasa meupe kabisa, nikapiga goti nikampa. Akanywa yote.

"Kumbe anajua kunyamaza," akamwambia bibi yako. "Huyu uolewe naye."

Huyo wako simjui, mama. Msubiri kwanza siku atakayokosa cha kujisifia, halafu uniandikie alifanya nini.

Babu yako